Kigoda Kando ya Haidrenja

Mgeni njoo, mwenyeji anywe: ndiyo methali iliyofuatwa nyumbani kwa Mzee Byabato, Kanazi. Siku hiyo mgeni mwenyewe alikuwa anarukaruka uani kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

"Wameingia! Wameingia ndani ya suruali, waitu, mzee wangu!"

Mgeni huyo alikuwa Kagaruki, mshenga kutoka Muleba. Alikuja kwa lori la kahawa, amekumbatia mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, njia nzima, ili kumposea mpwa wake Mujuni binti wa mzee, Klaudia. Alikuwa bado anatafuna buni za kahawa za kukaribishwa, kama ilivyo desturi ya Wahaya, pale sisimizi wekundu walipompanda kutoka kwenye nyasi zilizotandazwa chini ya kigoda chake, kando ya maua. Sasa amesimama, kahawa imemtoka mdomoni, na mkono wake umepotelea mahali ambapo mshenga hapeleki mkono mbele ya wakwe.

Mzee Byabato hakunyanyuka. Alikuwa tarishi wa boma la Bukoba, akastaafu na vitu viwili: kofia nyekundu, na vipandikizi vya haidrenja alivyovikata kwenye bustani ya DC. Kofia ililiwa na mende. Haidrenja zilishika, zikatoa mabonge ya maua ya samawati makubwa kama kichwa cha mtoto, na tangu hapo mzee aliongea na majirani kama mtu anayesoma hukumu.

"Sheria hainijui mimi wala haikujui wewe," alisema, akivuta rubisi kwa mrija. "Anayenyanyuka kitini kabla shauri halijaisha, shauri limemshinda. Rudi siku nyingine. Na mtu wa heshima harudi mikono mitupu."

Ilikuwa mara ya pili sisimizi kumshinda. Kagaruki aliondoka. Mtungi, bila shaka, ulibaki.

Klaudia alimsindikiza hadi barabarani. "Baba, mtarudi?"

"Mara moja tu, mwanangu. Shemeji yangu, baba yake Mujuni, amechoka kukanyaga ndizi za rubisi ili mimi nikang'atwe. Shauri likianguka tena, Mujuni tutamposea kwingine." Akajikuna. "Lakini niambie jambo. Maua yale hayanuki, hata nyuki hawayataki. Sisimizi wanafuata nini pale?"

Klaudia aligeuka kuyatazama maua kwa mbali. Alimtaka Mujuni, na alikuwa amefika umri ambao majirani huanza kukuuliza habari za afya kwa sauti ya msibani. Akarudi nyumbani moja kwa moja kwa baba yake.

"Tata, nizungushie kigoda majivu."

"Majivu! Maua yangu yageuke rangi, yawe kama ulimi wa ng'ombe? DC anayo ya samawati, na mimi ninayo ya samawati."

"Basi nimwage maji ya moto."

"Ubabue mizizi?"

"Basi nihamishe kigoda."

"Mgeni akakae wapi? Mgombani, atazame mikungu? Mikungu anayo kwao!"

Kanazi nzima ikasema mzee anapenda maua kuliko mwanawe. Maneno yalipomfikia alitabasamu, kama mtu aliyesifiwa.

Siku ya mwisho ikafika. Asubuhi mzee alimwagilia haidrenja zake mwenyewe kwa kibuyu chake, kama alivyofanya kila siku ya wageni. Kibuyu hicho hakikuguswa na mtu mwingine. Kisha akaingia ndani kutafuta koti. Klaudia alibaki uani akizipanga vizuri nyasi alizotandaza alfajiri, kazi ya binti anapongojewa mgeni: fungu chini ya kigoda kando ya maua, fungu chini ya kiti cha baba. Katikati ya kazi alisita, akalamba kidole kilicholowa. Kisha akaendelea, taratibu zaidi.

Kagaruki alikuja amefunga miguu ya suruali kwa kamba za mgomba. Akaketi kama mtu anayeketi juu ya mwiba. Akapokea kahawa, akatafuna, akaanza: ukoo wa Mujuni, kibanja cha Mujuni, tabia njema za Mujuni ambazo nyingine hata Mujuni hakuwa amezisikia.

Mzee alivuta mrija, macho yake hayapo kwa msemaji. Yapo chini ya kigoda.

"Huhisi kitu?" aliuliza katikati ya hotuba.

"Nahisi heshima, waitu."

"Hata kidogo?"

"Heshima kubwa sana."

Mzee akainama achungulie vizuri. Hakumaliza kuinama. Aliruka, mrija ukaruka, kiti kikaangukia haidrenja na kuvunja bonge lililokuwa kubwa kuliko yote. Alikung'uta kanzu, akaipandisha, akakumbuka yuko mbele ya nani, akaishusha, akaipandisha tena.

Kagaruki hakunyanyuka.

"Sheria haikujui wewe wala hainijui mimi," alisema polepole, akitafuna. "Shauri limekushinda, mkwe. Binti ni wetu."

Mzee alizitazama nyasi zilizokuwa chini ya kiti chake. Zilikuwa zimegeuka nyekundu, zinatembea.

"Klaudia! Nyasi hizi umezitoa wapi? Piga magoti uniombe radhi!"

Klaudia alipiga magoti, lakini mbele ya Kagaruki, akamwongezea kahawa.

"Nimezitoa chini ya kigoda cha mgeni, Tata, ulipomaliza kuzimwagia rubisi kwa kibuyu chako," alisema. "Radhi siombi."