Kengele Iliyo Karibu

Haya mjukuu wangu, tegua hiki: nina mtumishi, kila kufumba na kufumbua anaamshwa aulizwe kama saa imefika, na saa haijafika. Uchovu unamuua, wala si kazi. Ni nani?

Mwanakheri alikuwa naye mezani. Ni kiini, sehemu inayoendesha yote, cha programu aliyokiandikia kifaa cha kuchunga pumzi za vichanga. Betri ilikuwa ikiisha kabla ya adhuhuri, kwa sababu kiini kiliamka kila mara kukagua kengele zake mia tatu za kukumbusha kazi, moja moja, kama saa ya yoyote imefika. Hospitali ilikitaka kifaa kesho. Hii siku ya nne hajatoka chumbani, na baba yake aliyekuja kumtembelea anaondoka leo saa kumi.

Mlango ukafunguka tena, baba yake akachungulia. "Mama, unatoka saa ngapi tukae kidogo?"

"Bado, baba. Usije kuuliza kila mara, unanichosha. Nikimaliza nitakuita mwenyewe."

Mzee akaurudisha mlango taratibu. Mwanakheri akabaki anayasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akaandika upya: kengele zipangwe, iliyo karibu kulia ikae mbele, kiini kilale, na kiamshwe kwa hiyo ya mbele tu.

Kifaa kikatulia. Betri haikushuka. Nyumba nayo ilikuwa kimya, hakuna aliyefungua mlango tena. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika mbili.

Akafungua mlango. Kizingitini palikuwa na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani, bado kina joto.

"Natoka sasa, baba," akaita.