Mguu wa Papa Inès

Viatu vya mumewe vilikuwa na tope, na tope ni ushahidi. Rolande alivisukuma nyuma ya gunia la mchele, kisha akarudi sebuleni kumpa mwenye viatu maagizo ya mwisho.

"Papa Inès, unisikilize muzuri. Docteur akiuliza kama unatembea, unanyamaza. Akiuliza nani analeta mukate, unanyamaza. Mimi ndiye nitasema."

"Bon," alisema mumewe, Bienaimé. "Utasema wewe."

Mwanamume aliyekuwa akibishia hata utabiri wa mvua alikubali upesi hivyo! Rolande alidhani ni uchovu. Wote wawili walikuwa wamechoka. Tangu mashine ya kubebea mizigo imponde Bienaimé goti kule ghalani, Rolande aliacha kazi yake ya usafi mtaani Etterbeek ili amtunze, na maisha yao yote yakahamia ndani ya kile chumba cha ghorofa ya tisa, mtaa wa Anderlecht.

Barua za kuomba posho ya ofisi ya walemavu alizishughulikia Bienaimé. Rolande, bahasha ya serikali tu ilitosha kumbana kifua. Alitia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole, basi. Na ni Bienaimé aliyeng'ang'ania daktari aje nyumbani. Alikataliwa, akaandika tena, akapiga simu, akakataliwa, akaandika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye kwa goti lile lile aliinama mpaka wakachoka wao.

Kengele ililia. Rolande, ambaye usiku kucha alikuwa akiamka kukagua gesi, kisha mlango, kisha gesi tena, alijifuta mikono na kwenda kufungua.

Daktari alikuwa mama wa Kibelgiji mwenye koti la mvua, akihema kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa tena. Alikubali chai. Alikaa, akafungua kompyuta yake magotini, akaanza kuuliza kwa Kifaransa cha taratibu.

"Hapa nyumbani, nani hushuka kununua chakula?"

Rolande alifungua kinywa, lakini Bienaimé alimwahi.

"Mimi, docteur. Nakwenda sokoni kila Jumapili. Nabeba kidogo kidogo."

Rolande alimkanyaga mguu, ule mzima. "Weye, uko na akili kweli?" alimnong'oneza kwa Kiswahili. "Unatuua!"

Alijua anachosema. Posho hii ikikataliwa, pesa ya nyumba haitatosha, na itambidi yeye arudi kusafisha ofisi Etterbeek. Etterbeek maana yake treni ya metro, kila alfajiri, chini ya ardhi, katikati ya watu. Alikunywa chai ya moto bila kuipuliza.

Basi akayashika mazungumzo kwa mikono miwili. "Usimsikilize, docteur. Ni aibu ya kiume tu. Huyu ni mgonjwa." Akaeleza jinsi anavyolala jicho moja wazi akisikiliza pumzi ya mumewe. Akaeleza kwamba mumewe akienda hata hospitali tu, yeye husimama dirishani mpaka arudi, na maji hayapiti kooni. Kwamba king'ora cha ambulensi kikipita barabarani anajua ni cha kwao. Kwamba simu huilaza kifuani, ndani ya blauzi, asije akakosa habari mbaya.

"Ndivyo tunavyoishi na mguu huu," alimalizia, na machozi yakamtoka bila kutaka. Muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemsikiliza hivyo.

Daktari aliandika haraka. Bienaimé alitazama kikombe chake, wala hakumkatiza hata mara moja.

"Na wewe, madame, mara ya mwisho ulitoka lini?"

"Nitatokaje, docteur, na mgonjwa ndani?"

Daktari aliitazama picha ya harusi ukutani. "Huyu ni binti yenu?"

"Ndiyo. Inès. Aliolewa mwezi wa tano, kule Ganshoren."

"Sikuoni pichani."

"Nilibaki." Rolande alijitengeneza kitambaa cha kichwa. "Siku ile goti la baba yake lilivimba sana. Lilivimba kama nini sijui."

Daktari alimgeukia Bienaimé, akangoja.

"Mimi nilikwenda," alisema Bienaimé polepole. "Ni mimi nilimtembeza mtoto kanisani. Jioni nikacheza pia, na mkongojo wangu."

Yamekwisha! Mwenye mguu mbovu amekiri kwa kinywa chake kwamba amecheza harusini. Miezi yote ile ya kuomba na kubembeleza, mtu mmoja ameimwaga kwa sentensi mbili, eti ukweli. Kwa wakati ule Rolande alimchukia, kabisa, kama mtu anavyomchukia mwizi.

Daktari alifunga kompyuta, akashukuru kwa chai, akavaa koti. Rolande alimtangulia mlangoni na kumzuia kwa mwili wake wote.

"Docteur, mguu hujauona! Umepanda ngazi zote zile, na goti lake hata kuligusa hukuligusa!"

Daktari alisimama. Alimtazama Rolande, kisha akamgeukia mumewe.

"Monsieur, hukumwambia nimekuja kwa ajili ya nani?"

Bienaimé alijiinua kwa mkongojo wake. Alimtazama mkewe, akasema kwa Kiswahili:

"Mama Inès, kama ningekuambia ni wewe anakuya kuona, ungemujibu tu: 'Niko muzuri, docteur.'"