Salamu ya Mama Ukutani

Mama yetu, Nesi Mwanakombo, alizalisha tarafa nzima na hakupoteza hata mzazi mmoja. Wataalamu wakaja na vinasa sauti, wakamnasa akiwasalimu wajawazito, wakashangilia, wakausambaza ubunifu wao nchi nzima. Mama ameshafariki, lakini sauti yake imo kwenye kisanduku ukutani kwa kila mjamzito, na kisanduku kisiporuhusu, lango la hospitali halifunguki.

Asubuhi hii kimemuuliza mdogo wangu Hidaya, mwenye mimba kubwa, "Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, Mama," akajibu. Nani huanza na maradhi kabla ya salamu kwisha?

"Vizuri. Tuonane kesho." Kikazima.

"Dada, kichwa kinanipasuka," Hidaya akaniambia. "Naona ukungu."

Nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, kama Mama alivyofanya kila baada ya salamu. Shimo likabaki: dalili ya kifafa cha mimba. Wasomi wale walinasa salamu wakadhani ndiyo tiba. Mbuzi angewashinda akili.

Nikakipiga kisanduku ngumi, mpaka kikawaka.

"Hujambo, mwanangu?" ikauliza sauti iliyonilea.

"Sijambo, Mama," mdomo wangu ukajibu.

"Vizuri. Tuonane kesho."