Sauti ya Kuitia Papa

Fundi wa sauti alimfunga muogeleaji kamba kiunoni, akaivuta kwa nguvu kuona kama imeshika.

"Dada, unanifunga kama mbuzi wa mnadani," alisema muogeleaji, ambaye wenzake walimwita Bata. "Kabwawa kenyewe haka nakavuka kwa pumzi moja."

"Ingia," alisema fundi.

Karakana yao ilitengeneza kidude cha plastiki, ukubwa wa chupa ya chai, ambacho wavuvi wa papa hukishusha majini. Ndani mna spika inayotoa sauti ya samaki aliyejeruhiwa akifurukuta. Papa huisikia toka mbali, wakaja mbio kama walioalikwa. Kwa kuwa samaki wa kweli hakubali kujeruhiwa kwa zamu, kazi hiyo hufanywa na mtu: anaingia kwenye bwawa la nyuma ya karakana, anapiga maji kama anayekufa, na fundi anakaa ukingoni, maikrofoni imezama, vipokea sauti masikioni.

Sauti iliyokuwamo kwenye kila kidude ilipigwa na mume wa fundi. Tajiri mpya aliipenda mno; karakana aliinunua juzijuzi tu, kwa mtu aliyeuza haraka bila maneno mengi. Fundi alitaka ifutwe. Hakusema kwa nini, na kwa kuwa mume hakuonekana kazini wala hakutajwa, tajiri akajijazia mwenyewe kwamba ni mambo ya ndoa. Mwishowe walikubaliana: akirekodi nyingine nzuri kama ile, ile ya zamani itafutwa kwenye vidude vyote. Akishindwa, inabaki.

Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka siku hizi. Mengine yalimpitia. Alikula alipoambiwa ale, aliitikia salamu za majirani, na ndani alihisi ganzi.

Bata akaanza kazi. Akajikunja, akazama, akaibuka, akazama tena. Kwenye vipokea sauti ile sauti ikaanza kuja: kishindo, kimya, kisha vishindo viwili vya harakaharaka. Ilikuwa nzuri. Fundi akavuta kamba.

"Toka. Inatosha."

"Dada, ndiyo kwanza nimepata moto."

"Toka upumzike."

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Kila Bata aliponoga, kamba ilivutwa, naye akaburutwa hadi ukingoni akinung'unika. Tajiri alikuwa akitazama kutoka mlangoni, na uvumilivu ukamwisha. Akaja na kidude kimoja, akakiweka juu ya meza, akakiwasha.

Sauti ya zamani ikajaa uani. Maji yalipigwa ovyo, bila mpangilio, kisha kwa unyonge, kisha kikasikika kishindo kimoja kidogo, na baada ya hapo kimya.

"Unasikia hapo mwishoni?" alisema tajiri. "Wavuvi wanasema hapo ndipo papa wanapopagawa. Huyu wako anapiga maji kama anafua mashuka. Mwite shemeji aje japo siku moja. Kama mmekosana, nitawapatanisha mimi mwenyewe."

"Hatukukosana."

"Basi niambie ulimfundisha nini, na huyu afundishwe hivyohivyo."

Fundi alikuwa anaikunja kamba iliyolowa, taratibu, duara juu ya duara. Aliimaliza yote kabla ya kujibu.

"Sikumfundisha kitu," alisema. "Siku hiyo hatukuwa na kamba. Alianza kupiga maji vizuri kuliko siku zote, nikamwinulia dole gumba aendelee, mpaka akazama akatulia."