Maoni ya Wananchi Kuhusu Wegesa

Osward hakutegemea kukuta turubai. Wala hakutegemea viti vya kukodi, masufuria yanayochemka nyuma ya nyumba, na wazee waliovaa makoti safi kwenye jua lile la Ringwani. Alishuka kwenye bodaboda, akajipangusa vumbi, moyo ukatulia. Kumbe wananchi wakiitwa vizuri wanaitika.

Mapema wiki hiyo alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji kumwomba mkutano. Mtandao ulikuwa unakatakata. Alichosikia vizuri ni "Jumamosi", "kwa Mzee Matiko" na "kijiji kizima kitakuwepo".

Jambo lenyewe lilikuwa moja. Wegesa, muuguzi wa zahanati ya kijiji, alitakiwa kuhamia kituo kipya cha afya kule Mbalibali, ambako Osward ndiye mkuu. Na Osward hakutaka kurudia makosa. Mwaka jana, kwenye kituo alikotoka, alibadili siku ya kliniki ya watoto bila kumwambia mtu. Akina mama walikuta mlango umefungwa. Yeye wakamfungia chooni mpaka jioni.

"Huduma ni ya watu, na huibadili kabla hujawasikiliza," bosi wake wa wilayani alimwambia. "Safari hii uwaulize kwanza. Na uache lugha ya ofisi, ongea kama mtu. Ukirudi tena na malalamiko, nakuhamisha wewe."

"Shikamooni, wazee," Osward akasalimu.

"Marahaba!" ikajibu safu nzima ya mbele. Mzee Matiko, mwenye nyumba na baba yake Wegesa, akamsogezea kiti chenye kitambaa. "Unatoka wapi, kijana?"

"Natoka Mbalibali, baba. Nimekuja kwa ajili ya Wegesa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Osward akainamisha kichwa kwa haya. Semina zote alizohudhuria kuhusu kuishirikisha jamii, hakuna iliyotaja vigelegele.

"Umekuja peke yako?" akauliza Bhoke, shangazi yake Wegesa, mama mwenye sauti ya kuita mifugo.

"Peke yangu, mama. Mwaka huu tumebana matumizi."

Wazee wakatazamana.

"Sijaja kuwaambia kwamba tumeshaamua," Osward akaendelea. "Nimekuja kuomba. Mkikubali, Wegesa atahamia kwetu. Mkikataa, anabaki hapa. Uamuzi ni wenu."

"Hapo umesema kiutu uzima," Mzee Matiko akasema. "Huyu mtoto tumehangaika naye. Huko atakaa wapi?"

"Nyumba ipo, nzuri, bati jipya. Atakaa pamoja na Editha. Huyo yuko pale muda mrefu, atamwonyesha kazi."

"Kuna mwingine?" Bhoke akashtuka.

"Wapo watatu, mama. Wegesa atakuwa wa nne. Mmoja hatoshi kwa kazi zilizopo."

"Kumbe ni pakubwa," mzee mmoja akanong'ona kwa heshima.

Bhoke hakuheshimu kitu. "Na watu wa kuwahudumia ni wangapi?"

Osward akaona asiwafiche. "Kwa siku ni kama sitini. Siku ya mnada wanafika hata mia."

Fimbo ya mzee mmoja ikaanguka chini. Hakuna aliyeiokota.

"Na usiku?" Bhoke akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Usiku wanakwenda kwa zamu. Ila zamu yake ikifika, hata akiwa amechoka, ataamka tu."

Mnung'uniko ukapita chini ya turubai. Osward aliuelewa kabisa. Hata yeye angekuwa mzazi angenung'unika. Kazi ni ngumu, na ni haki yao kulijua hilo mapema.

"Na sisi?" Mzee Matiko akauliza. "Ukishamchukua, sisi tunabaki na nini?"

Swali hilo Osward alikuwa analisubiri tangu asubuhi. Akatabasamu. "Msiwe na wasiwasi hata kidogo. Tutawaletea mwingine badala yake. Tena mzoefu kuliko Wegesa."

 

"Mwingine," Mzee Matiko akarudia polepole. "Badala yake."

"Ndiyo, baba. Na mkimwona hafai, mnaniambia tu, tunabadilishana tena."

Viti vikapinduka. Wazee walisimama wote kwa pamoja, wanawake wakashika vichwa, na Bhoke akavua kiatu kimoja akakishika mkononi.

"Binti yangu habadilishwi!" Mzee Matiko akafoka. "Nenda kawaambie waliokutuma. Tumekataa!"

Osward alikuwa na hoja. Angeweza kueleza juu ya wajawazito wa Mbalibali wanaosafiri mbali, na juu ya chumba kipya cha kujifungulia. Lakini alikumbuka kile choo. Akakumbuka pia kwamba kusikiliza ni kukubali hata usilolipenda. Akasimama, mkono kifuani.

"Nimewasikia, wazee wangu. Wegesa haendi Mbalibali. Nitawafikishia walionituma, na jambo hili halitafufuliwa tena."

Ndani ya nyumba msichana akaangua kilio kikubwa. Osward akaguswa sana. Alikuwa amesikia kwamba muuguzi huyo anapendwa kwao, lakini hakujua kwamba naye anawapenda hivyo, mpaka analia kwa furaha ya kubaki. Akaketi tena, akafungua soda, akanywa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alihisi ametimiza wajibu wake kwa jamii.

Alikuwa amefika nusu ya chupa waliposikia milio ya ng'ombe nje ya uzio. Wanaume kadhaa wakaingia, suti zimelowa tope mpaka magotini, na mkubwa wao akavua kofia.

"Shikamooni, wazee. Mtusamehe kwa kuchelewa, hawa ng'ombe wametusumbua mtoni. Ni sisi tuliotumwa kutoka Mbalibali kuja kumposa Wegesa."