Mvua Isiyotangazwa

"Funga madirisha, mvua inanyesha!" nilifoka.

"Leo hakuna mvua," nyumba ikajibu, kwa ule upole wake wa kuudhi.

Siku hizi nyumba zote hutii hali ya hewa iliyotangazwa na mji. Sisi tunaishi mlimani, na wingu la huku likitaka kunyesha halimwulizi mtu. Ndiyo maana nilijitengenezea kituo changu: chupa ya maji niliyoikata kukinga mvua, nyaya mbili za redio mbovu ndani yake, na vikombe vya mtindi vya kuzungushwa na upepo. Nilikiunganisha na nyumba asubuhi ya siku hiyo.

"Soma kituo changu, basi! Chupa imejaa!"

"Nimekisoma. Kinakosea."

Mvua ilikuwa ikimpiga mama mkwe wangu, Bi Zawena, kitandani, na miguu yake haimbebi tena. Nililisukuma dirisha kwa bega, halikutikisika. Nikamfunika mwavuli huku nikiiporomoshea nyumba matusi ambayo mtu hayatamki mbele ya mkwe.

"Usiache, mwanangu," akasema akitetemeka. "Itukane na kwa niaba yangu."



"Godoro la bibi limelowa," nyumba ikasema. "Kwa kuwa mvua haijanyesha, amejikojolea. Poleni sana. Nimewaita watu wa makao ya wazee waje wamchukue."

Madirisha yalibaki wazi. Nikasikia mlango wa mbele nao ukifunguka wenyewe.