Sindano Iliposhuka

Gracien hakugeuka mlango ulipofunguliwa. Utepe wa aloi ulikuwa ukipata moto tanurini. Ukishageuka fuwele tu, sindano ya kipimo cha ukinzani wa umeme ingeanguka.

"Muji ya Likasi ni ya Bakatanga sasa," alisema mwenzake wa maabara, waliyefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameshika nondo ya chuma. "Bakasai bote beko ku gare, banangojea treni ya kurudia Kasai. Weye tu njo unabakia."

"Ngojea kidogo. Itashuka."

Wakasimama bega kwa bega, kama siku zote. Sindano ikatetemeka, ikaanguka ghafla. Mwenzake akaegemeza nondo mezani, akaandika joto daftarini kwa mwandiko wake mzuri.

Gracien akautoa utepe. Asubuhi aliuzungusha kidoleni kama pete. Sasa ulivunjika kwenye koleo kama kioo.

Mwenzake akachukua nondo yake.

"Lete funguo za maabara."